Jinsi ya kuwasha gari la dizeli wakati wa baridi kali

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka ikawa ya moto sana, kisha dizeli hunyunyizwa humo na kuwaka yenyewe. Tangu Rudolf Diesel alipofanikiwa kuendesha injini yake mwaka 1897, pampu na injekta zimebadilika mno na kompyuta imekabidhiwa kazi ya kuziongoza, lakini kanuni hiyo imebaki ileile. Kwa sababu hiyo baridi huisumbua injini hii kuliko inavyoisumbua ya petroli, kwa kuwa huliondoa joto lile lile ambalo injini inalitegemea ili iwake.

Hewa inayoingia kwenye silinda hubanwa hadi ikabaki kama sehemu moja ya kumi na tano, wakati mwingine moja ya ishirini, ya ujazo wake wa mwanzo. Injini ikiwa na joto, hewa hiyo hupita nyuzi 500 za Selsiasi, nayo dizeli huhitaji nyuzi 250 hivi ili iwake bila kusita. Pengo hilo linaonekana kubwa, lakini kwenye baridi hupungua haraka. Hewa huingia ikiwa tayari imepoa, kuta za silinda hunyonya joto lake, sehemu ya hewa hupenya kando ya ringi za pistoni, na matone ya dizeli baridi nayo huchukua joto ili yageuke mvuke. Stata ikizungusha injini polepole, hasara hizo zote hupata muda mrefu zaidi wa kutokea.

Kwa hiyo mambo yanayohitajika ni matatu: injini izunguke kwa kasi ya kutosha, chumba cha mwako kiwe na joto, na dizeli ifike kwenye injekta ikiwa bado majimaji. Likikosekana moja, mengine mawili hayasaidii. Kila jaribio linaloshindikana hutumia umeme wa betri ambao jaribio linalofuata lingeuhitaji, na kwenye baridi betri hairudishi nguvu zake upesi. Ndiyo sababu ninasisitiza kwamba dereva asipige stata mara ya tatu kabla hajajua ni lipi kati ya mambo hayo matatu linalokosekana. Magari mengi hushindwa kuwaka kwa sababu betri ilimalizwa kwenye majaribio ya kubahatisha, ilhali tatizo la mwanzo lilikuwa dogo.

Dizeli iliyo kwenye tangi

Ninaanza na dizeli kwa sababu ndiyo inayosahaulika zaidi, na ikishaharibika hakuna ustadi wa kupiga stata utakaoisaidia. Ndani ya dizeli mna chembe za nta zilizoyeyuka. Joto likishuka, kwanza dizeli hupoteza ung'avu wake na kuwa na ukungu, kisha fuwele za nta hukua hadi kuziba filta, na baridi ikizidi dizeli yote huganda na kuacha kumiminika. Kwa dereva, hatua ya pili ndiyo ya kuogopwa. Dizeli inaweza kuwa bado inatiririka vizuri ndani ya tangi, lakini filta yenye matundu madogo sana ikawa imefungwa na nta kabisa.

Dizeli ya kiangazi inaweza kuanza kupata ukungu karibu na nyuzi 0, na nyingine hata kabla ya hapo. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 590 huigawa dizeli kwa herufi A hadi F kulingana na joto la chini kabisa ambalo bado inapita kwenye filta ya majaribio. A hukomea nyuzi 5 juu ya sifuri, na kila herufi inayofuata hushuka kwa nyuzi 5 hadi F inayofika 20 chini ya sifuri. Kwa nchi zenye baridi kuu yako madaraja mengine, namba 0 hadi 4, yanayofika nyuzi 44 chini ya sifuri. Huko Marekani dizeli namba 2 ndiyo ya kawaida, na namba 1, iliyo nyepesi na yenye nta kidogo, huchanganywa nayo majira ya baridi.

Mtu anayetoka sehemu yenye joto kwenda kwenye baridi asijaze tangi kabla ya kuondoka. Aende na dizeli ya kumfikisha tu, kisha ajaze kule kule baridi iliko, kwa kuwa vituo vya huko huuza dizeli iliyotayarishwa kwa hali ya hewa yao. Baada ya kujaza, gari liendeshwe kilomita kadhaa kabla ya kuegeshwa usiku, kwa sababu dizeli ya zamani huwa bado imejaa kwenye mipira, kwenye filta na ndani ya pampu. Tangi lililojaa dizeli ya baridi halina faida ikiwa filta imebaki na dizeli ya kiangazi.

Dawa ya kuzuia kuganda inayouzwa kwenye chupa inafaa, kwa sharti kwamba itiwe dizeli ikiwa bado ina joto na haijaanza kuwa na ukungu. Kazi yake ni kuzizuia fuwele zisikue na kushikana, na haina uwezo wa kuyeyusha nta iliyokwisha kufanyika. Itieni kwanza, kisha dizeli ifuate juu yake ili ichanganyike vizuri. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya mimea huwahi zaidi kupata ukungu, kwa hiyo ni vema kuiepuka majira hayo. Kuchanganya mafuta ya taa hupunguza nta kweli, lakini hupunguza pia ulainishaji ambao pampu na injekta huupata kutoka kwa dizeli yenyewe, na katika baadhi ya nchi sheria za kodi zinakataza kuyatumia barabarani. Lifanyike pale tu kitabu cha gari kinaporuhusu, na kwa kiasi kile kinachotajwa. Petroli isitiwe kamwe kwenye injini ya kisasa yenye pampu ya shinikizo kubwa, hata kidogo.

Maji nayo yasisahaulike. Yakiwa kwenye dizeli hukaa chini ya filta na kugeuka barafu, na dalili zake hufanana na za nta. Fungua koki iliyo chini ya filta, mwaga maji yaliyokusanyika mpaka itoke dizeli safi, kisha ifunge. Ukiweza, laza gari likiwa na tangi lililojaa au karibu kujaa, kwa kuwa hewa yenye unyevu iliyo juu ya dizeli ndiyo inayofanya matone usiku.

Betri, oili na hita plagi

Betri ya risasi na asidi inapofika nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na nusu hivi ya nguvu zake au pungufu, na wakati huohuo injini, kwa kuwa oili imekuwa nzito, inadai nguvu nyingi zaidi kuzungushwa. Ndiyo maana uwezo wa betri wa kuwasha kwenye baridi hupimwa kwenye joto hilohilo la nyuzi 18 chini ya sifuri, na namba yake ya ampea huandikwa ubavuni mwa betri. Usinunue yenye namba ndogo kuliko ile iliyokuja na gari. Pima volti gari likiwa limepumzika saa kadhaa: 12.6 au zaidi maana yake betri imejaa, 12.4 imebaki na robo tatu hivi, na ikishuka hadi 12.0 karibu imekwisha. Vichwa vya betri visafishwe mpaka vimetameta na vikazwe sawasawa, pamoja na waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, kwa sababu ukinzani mdogo usioonekana kiangazi huonekana siku ya baridi. Betri iliyojaa haigandi hata kwenye baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini iliyoisha huganda kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri. Ukiiona imevimba au ina barafu ndani, usiichaji na usiiunganishe na gari lingine, kwa maana inaweza kupasuka.

Kuhusu oili, namba iliyo kabla ya herufi W ndiyo inayoeleza tabia yake kwenye baridi. Uwezo wa oili ya 15W kuzungushwa na stata hupimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, 10W kwenye 25, 5W kwenye 30, na 0W kwenye 35. Chagua iliyo nyepesi kuliko zote zinazoruhusiwa na mtengenezaji wa injini yako.

Hita plagi ni kifimbo chembamba kinachoingia kwenye kila silinda, ambacho ncha yake huwa nyekundu kwa umeme wa betri. Za zamani zilihitaji sekunde 15 au 20, na za sasa hukaribia nyuzi 1,000 ndani ya sekunde chache. Injini nyingi za siku hizi huweza kuwaka bila hita plagi kukiwa na joto la kawaida, na hapo ndipo mtego ulipo: mbili au tatu zinaweza kuwa zimekufa tangu miezi iliyopita na dereva asijue, mpaka asubuhi ya kwanza ya baridi inapofika. Kwa hiyo zipimwe kabla ya majira. Ondoa waya wa kila moja, kisha pima ukinzani kati ya kichwa chake na chuma cha injini. Ukisoma omu moja hivi au chini yake, ni nzima. Mita isipoonyesha mawasiliano yoyote, imekatika. Usizijaribu kwa kuziunganisha moja kwa moja na betri, kwa kuwa baadhi ya zile za kisasa zimetengenezwa kwa volti 4 hadi 7 tu na zitaungua papo hapo. Zikiwa zote nzima lakini hazipati umeme, kagua fyuzi na rilei yake. Kuzifungua kufanyike injini ikiwa na joto na bila kutumia nguvu kubwa, kwani hita plagi iliyokatikia ndani ya kichwa cha silinda ni kazi ghali. Injini kubwa za malori mara nyingi hazina hita plagi; badala yake zina hita kwenye njia ya hewa, na hiyo nayo inahitaji betri nzima.

Mahali ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri mara kwa mara, kifaa bora kuliko vyote ninavyoweza kupendekeza ni hita ya bloku, inayochomekwa kwenye umeme wa nyumbani na kupasha maji ya rejeta ndani ya injini. Saa mbili hadi nne kabla ya kuondoka zinatosha, na swichi yenye saa huondoa haja ya kuiacha ikiwaka usiku kucha. Yapo pia majiko madogo yanayotumia dizeli ya gari lenyewe, kama yale ya Webasto na Eberspächer, yanayowafaa wanaolala mbali na umeme. Injini iliyopashwa joto huwaka kama siku ya kawaida, na betri, stata na hita plagi zote hupunguziwa mzigo kwa mara moja.

Namna ya kuiwasha

Zima kila kinachokula umeme: taa, feni, redio, kipasha joto cha viti na cha kioo. Weka gia huru na ukanyage klachi mpaka mwisho hata hivyo, ili stata isibebe mzigo wa kuzungusha oili nzito ya gia. Geuza swichi hadi hatua ya kabla ya stata, ungoje taa ya hita plagi izime, kisha uongeze sekunde chache. Kwenye baridi kali, zima swichi na urudie hatua hiyo mara moja au mbili kabla ya kupiga stata, maana mzunguko mmoja wa kupasha huenda usitoshe. Kwa gari la kubonyeza kitufe, bonyeza bila kukanyaga breki ili umeme uwake na hita plagi zifanye kazi, kisha ukanyage breki na kuwasha.

Sasa piga stata mfululizo kwa sekunde 10 hadi 15, usizidishe. Usiikatize injini inapoanza kushika silinda moja moja. Watu wengi huachia ufunguo hapo wakidhani imewaka, ikazimika na kuwarudisha mwanzo, ilhali sekunde mbili tatu zaidi zingeifanya ishike zote. Kwenye injini inayoongozwa na kompyuta usikanyage mafuta kabisa, kwa sababu kompyuta ndiyo inayoamua kiasi cha dizeli. Kwenye injini ya zamani yenye pampu isiyo na umeme, fuata kitabu chake. Nyingi hutaka mafuta yakanyagwe nusu au mpaka mwisho, na nyingine zina kishikio cha kuwashia kwenye baridi. Ikishindikana, pumzisha stata na betri dakika moja au mbili, pasha tena, ujaribu mara ya pili.

Likikataa mara ya pili

Hapa simama usikilize na kutazama, kwani gari lenyewe linaeleza kasoro yake.

Kama injini ilizunguka kwa uzito na taratibu, tatizo ni betri, viungo vyake au oili. Injini ya kisasa haitanyunyiza dizeli mpaka shinikizo kwenye bomba la injekta lifike kiwango fulani, na volti zikishuka mno kompyuta nayo huacha kufanya kazi, kwa hiyo kuzunguka polepole huweza kuwa sawa na kutozunguka kabisa. Suluhisho ni umeme kutoka gari lingine. Hakikisha kwanza kwamba yote mawili ni ya volti 12 au yote ni ya volti 24, kwa kuwa malori mengi hutumia 24. Tumia waya nene, wa milimita za mraba 25 kwa injini za dizeli hadi lita 3 na 35 kwa zilizo kubwa zaidi. Mwekundu ufungwe kwenye chanya ya betri iliyoisha, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi ufungwe kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kisicho na rangi cha injini iliyogoma, mbali na betri yake. Gari la msaada lingurume dakika 5 hadi 10 kabla ya kujaribu. Watu huiruka hatua hii ya kungoja, nayo ndiyo inayoleta tofauti kwa dizeli, kwa sababu betri baridi hupata nafuu na joto kidogo. Kuondoa waya hufuata mpangilio uleule kwa kurudi nyuma.

Kama injini ilizunguka kwa kasi na bomba la moshi likatoa moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiwaki. Moshi huo ni dizeli yenyewe iliyogeuka mvuke bila kuungua. Kinachokosekana ni joto, kwa hiyo kagua hita plagi, na kama ni nzima basi fikiria mbano wa injini iliyochakaa.

Kama ilizunguka kwa kasi na hapakuwa na moshi wowote, dizeli haifiki. Vivyo hivyo kama iliwaka, ikanguruma dakika moja au mbili kisha ikafa: ilitumia dizeli iliyokuwa mbele ya filta, na filta ikakataa kuipa nyingine. Kuendelea kupiga stata hapa kunamaliza betri na kuikausha pampu ambayo inalainishwa na dizeli hiyohiyo. Filta inatakiwa ipate joto. Izungushie vitambaa vilivyolowekwa kwenye maji ya moto, au tumia mashine ya kukaushia nywele, taratibu, kwa sababu vikombe vya plastiki hupasuka vikipashwa ghafla. Njia iliyo bora ni kulivuta gari hadi kwenye jengo lenye joto na kuliacha saa kadhaa, au kufunga filta mpya iliyojazwa dizeli ya baridi na kutoa hewa kwa pampu ya mkono. Wako madereva wanaowasha moto chini ya tangi au kutumia jiko la gesi kwenye mabomba. Jambo hilo limekwisha kuteketeza magari, na lisifanywe kwa hali yoyote.

Dawa ya kupulizia ya etha inahitaji onyo la peke yake. Etha huwaka kwa joto dogo sana, na ikikutana na hita plagi au hita ya njia ya hewa iliyo nyekundu hulipuka kabla ya wakati wake, ikavunja ringi, pistoni au hata bomba la kuingizia hewa na kumjeruhi aliyesimama mbele. Isitumiwe kwenye injini yoyote yenye vifaa hivyo, hata kama mtu aliye karibu anasema yeye huitumia kila siku.

Baada ya kuwaka

Hakikisha taa ya oili imezima, na iache injini ingurume nusu dakika hadi dakika mbili bila kuikanyagia mafuta, ili oili ifike kwenye turbo na sehemu za juu. Moshi mweupe kidogo na mlio mkali wa kugonga ni kawaida na hupungua injini inapopata joto. Kisha anza safari polepole, bila kuivuta sana mpaka kipimo cha joto kianze kupanda. Kuiacha injini ya dizeli ikinguruma nusu saa mahali pamoja hakuisaidii, kwani bila mzigo hutoa joto dogo mno, dizeli isiyoungua huteremka na kuchanganyika na oili, na chujio la masizi huziba. Ikiwa gari liko kwenye banda, litolewe nje mara moja kwa sababu ya gesi yenye sumu. Gari linalotumia AdBlue, kimiminika cha kusafishia moshi wa dizeli, lisikutie wasiwasi: kimiminika hicho huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, lakini tangi lake lina kipasha joto chake, na kuganda kwake hakuzuii injini kuwaka.

Hita plagi na stata zimekwisha kunyonya umeme mwingi, na feni, taa na vipasha joto vya vioo vinaendelea kuunyonya njiani. Safari fupi ya dakika kumi hairudishi ulichotumia. Mwenye safari za namna hiyo aiunganishe betri na chaja usiku mmoja kwa wiki, ndani ya mahali penye joto ikiwezekana, kwa sababu betri iliyo baridi sana hupokea chaji kidogo tu hata altaneta ikiwa nzima.